Majirani Wanaohofiana na Kazi ya Kujenga Imani

Mataifa mawili jirani yenye silaha za nyuklia yanaweza kujikuta vitani hata kama hakuna upande uliotaka vita. Serikali moja huona majeshi ya jirani yakisogea mpakani, haijui yanakwenda wapi, haina mtu wa upande wa pili ambaye inaweza kumuuliza ikaamini jibu lake. Basi hujiweka tayari kupiga. Jirani akiyaona maandalizi hayo huyachukua kuwa mwanzo wa shambulio, naye huharakisha ya kwake. Katika vita vya bunduki na mizinga, kosa la namna hiyo huua watu wengi, lakini bado huacha nafasi ya kusimama na kusahihisha. Katika vita vya nyuklia nafasi hiyo ni finyu mno, kwa sababu kombora huvuka mpaka kwa dakika chache na bomu moja linatosha kuteketeza mji. Kwa hiyo, kupunguza hatari ya nyuklia ni zaidi ya kuhesabu mabomu. Ni kazi ya kuwafanya wapinzani wapashane habari, wakaguane, na watimize ahadi ndogo kabla ya kudaiana ahadi kubwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000 mikononi mwa mataifa tisa: Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Sehemu kubwa sana ya vichwa hivyo ni ya Marekani na Urusi. Hakuna hata kimoja kilicho mali ya taifa la Afrika. Hata hivyo suala hili linaihusu Kongo, na linawahusu hasa wakazi wa Beni na Butembo, ambao kwa zaidi ya robo karne wameishi kati ya serikali zisizoaminiana. Njia zinazotumika kuwazuia wapinzani wa nyuklia wasipigane ni zilezile zilizojaribiwa, zikafaulu au zikashindwa, katika mpaka wa Kasindi kati ya Kongo na Uganda, katika ziwa Albert na katika miteremko ya milima ya Ruwenzori.

Bomu la atomiki lenyewe lilianza safari yake katika ardhi ya Kongo. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, uligunduliwa mwaka 1915 na kuchimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Urani yake ilikuwa tajiri kupita kawaida: baadhi ya mawe yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, wakati migodi mingi ya nchi nyingine haikufikia hata asilimia moja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, yakakaa ghalani katika Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipoyanunua mwaka 1942. Urani ya Kongo ilitumika kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wakongo walioichimba hawakuambiwa inakwenda kufanya nini.

Miaka 14 baada ya Hiroshima, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti, na cha pili kikafuata mwaka 1972. Katika miaka hiyo ya 1970 fimbo mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa Kinshasa. Moja ilipatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliotaka kuiuza. Huko Shinkolobwe nako, mgodi uliofungwa rasmi tangu enzi za uhuru uliendelea kuvamiwa na wachimbaji wadogo, mpaka amri ya rais ilipopiga marufuku uchimbaji huo mwaka 2004. Kutokana na visa hivyo hatari ya nyuklia inaonekana kuwa na sura ya pili: taifa lisilo na bomu linaweza kuwa na madini au mafuta ya kinu ambayo wengine wanayataka, na ulinzi wake ukilegea, wasiwasi huingia kwa majirani wote.

Afrika imepiga hatua ambayo baadhi ya mabara hayajaifikia. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Pelindaba ni mahali karibu na Pretoria, kilipo kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini. Utawala wa ubaguzi wa rangi wa nchi hiyo uliunda mabomu sita kwa siri. Uliyavunja, ukajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwezi Julai 1991, na mwezi Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akalieleza bunge yaliyotendeka. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifunguliwa viwanda na kumbukumbu ili wahakikishe.

De Klerk alitaja hadharani mambo yaliyowezesha uamuzi huo: mapigano kusimama Angola, askari 50,000 wa Cuba kuondoka katika nchi hiyo, na uhuru wa Namibia kukubaliwa. Mambo hayo yalipangwa katika mazungumzo marefu, na itifaki yake ilitiwa saini Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, tarehe 13 Desemba 1988. Angola, Cuba na Afrika Kusini zilikubaliana ratiba ya kuondoa majeshi na zikaunda tume ya pamoja ya kushughulikia malalamiko. Mpangilio wa matukio una maana kubwa. Ugomvi wa majirani ulitatuliwa kwanza, na silaha iliyoundwa kwa sababu ya ugomvi huo ikakosa kazi.

Vita vya nyuklia visivyotakwa na mtu vinaweza kuanzia mahali patatu. Pa kwanza ni ukosefu wa njia ya haraka ya kusemezana. Mwezi Oktoba 1962, Marekani na Muungano wa Kisovieti zilivutana siku 13 kuhusu makombora yaliyopelekwa Cuba, na katika siku hizo barua za kiongozi wa Kisovieti Khrushchev kwa Rais Kennedy wa Marekani zilichukua saa nyingi kufika na kutafsiriwa wakati majeshi yalikuwa tayari kupiga. Pa pili ni mitambo inayodanganya. Tarehe 26 Septemba 1983, ofisa wa Kisovieti Stanislav Petrov aliona kwenye mitambo yake kwamba Marekani imerusha makombora. Aliamua kuwa ni hitilafu, na ilikuwa hitilafu kweli: satelaiti ilidanganywa na miale ya jua kwenye mawingu. Pa tatu ni ajali ya mikono ya watu. Tarehe 9 Machi 2022 kombora la India, lililorushwa kwa makosa, liliruka hadi ndani ya Pakistan na kuanguka karibu na mji wa Mian Channu. Halikuwa na kichwa cha nyuklia, na Pakistan haikujibu kwa silaha. Lakini India ilikiri kosa hilo hadharani baada ya siku mbili, ingawa nchi hizo zina simu ya moja kwa moja kati ya majeshi yao. Chombo kilikuwapo na hakikutumika kama inavyostahili.

Kutokana na hatari hizo zimetengenezwa njia za kujikinga ambazo kila mpinzani anaweza kuzikubali bila kumpenda mwenzake. Ya kwanza ni mawasiliano ya moja kwa moja. Baada ya mgogoro wa Cuba, Washington na Moscow zilikubaliana tarehe 20 Juni 1963 kuweka mtambo wa kutumiana ujumbe wa maandishi usiku na mchana. Yalichaguliwa maandishi, kwa sababu sauti ya simu inaweza kusikika vibaya na hasira ya msemaji inaweza kufunika maneno yake. India na Pakistan zina simu ya kila mara kati ya wakuu wa operesheni wa majeshi yao, na ndiyo iliyotumika tarehe 10 Mei 2025 kukubaliana kusimamisha mapigano yaliyokuwa yamedumu siku nne.

Ya pili ni kutoa taarifa mapema. Katika mkutano wa Helsinki mwaka 1975, mataifa ya Ulaya ya pande zote mbili za Vita Baridi, pamoja na Marekani na Kanada, yaliahidi kuarifiana siku 21 kabla ya mazoezi yoyote ya kijeshi yenye askari zaidi ya 25,000. Mwaka 1986, huko Stockholm, masharti yalikazwa: siku 42 kabla, na kuanzia askari 13,000. Pia ilikubaliwa kwamba wakaguzi wa upande wa pili wanaweza kudai kwenda kujionea. India na Pakistan nazo zilikubaliana mwaka 2005 kuarifiana kabla ya kujaribu makombora ya balistiki. Jirani aliyeambiwa mapema kwamba kesho kutakuwa na moshi hana haja ya kuamka usiku kuchukua mkuki.

Ya tatu ni kuorodhesha visivyoguswa. Tarehe 31 Desemba 1988 India na Pakistan zilitia saini makubaliano ya kutoshambulia vituo vya nyuklia vya upande wa pili. Tangu mwaka 1992, kila tarehe 1 Januari, hubadilishana orodha za vituo hivyo. Zilibadilishana baada ya kupigana Kargil mwaka 1999, na zilibadilishana katika miaka ambayo mabalozi walirudishwa nyumbani. Orodha haijamaliza ugomvi wa Kashmir, lakini imeacha kitu kimoja kinachotimizwa kwa tarehe ileile mwaka hadi mwaka, na kila upande unajua kwamba mwenzake ana uwezo wa kutimiza ahadi.

Ya nne, ambayo ni ngumu zaidi, ni kukaguana. Argentina na Brazil zilikuwa wapinzani wa muda mrefu, na kila moja ilikuwa na mpango wa nyuklia uliokuwa nje ya ukaguzi kamili wa kimataifa. Tarehe 30 Novemba 1985, marais Raúl Alfonsín na José Sarney walikutana Foz do Iguaçu wakakubaliana kushirikiana katika mambo ya nyuklia. Mwaka 1987 Alfonsín alimfungulia Sarney milango ya kiwanda cha Pilcaniyeu cha kurutubisha urani, ambacho kilikuwa kimejengwa kwa siri. Mwaka uliofuata Alfonsín akatembelea kituo cha Brazil cha Aramar. Mwezi Julai 1991 nchi hizo ziliunda shirika la pamoja la ukaguzi lenye makao Rio de Janeiro. Utaratibu wake ni rahisi: wakaguzi wa Argentina hukagua viwanda vya Brazil, na wakaguzi wa Brazil hukagua vya Argentina. Hakuna anayeombwa kumwamini jirani kwa maneno matupu.

Ya tano ni kuarifiana kuhusu maafa. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, Muungano wa Kisovieti ulinyamaza, na kituo kimoja cha nyuklia nchini Sweden ndicho kilichogundua mionzi siku mbili baadaye. Mwaka huohuo ulikubaliwa mkataba wa kimataifa wa kuarifiana haraka ajali ya nyuklia inapotokea. Beni na Butembo zimeshuhudia faida ya kanuni hiyo katika janga la aina nyingine. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika eneo la Beni, na kabla ya kumalizika mwezi Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Katika muda huo wahudumu wa afya wa Kongo na Uganda waliarifiana kuhusu watu waliokutana na wagonjwa, abiria walipimwa joto mpakani Mpondwe, na wauguzi wa upande wa Uganda walichanjwa hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika. Mwezi Juni 2019 familia moja iliyotoka mazishini Kongo iliingia Kasese ikiwa na ugonjwa. Uganda ilitangaza mara moja, na ugonjwa haukuenea huko. Mionzi na virusi havina pasipoti. Serikali zinazoficha habari zake huwaumiza raia wake na wa jirani kwa pamoja.

Kongo na Uganda zinatoa mfano wa karibu zaidi wa jinsi kuaminiana kunavyovunjika na kunavyorudi polepole. Mpaka wao ni wa zaidi ya kilomita 800, na haujawahi kuwatenga watu. Wanande wa Beni na Lubero na Wakonzo wa Kasese wana lugha zinazokaribiana na ukoo mmoja wa kale. Wafanyabiashara wa Butembo huingiza mizigo yao kupitia Kasindi kutoka Kampala na bandari ya Mombasa, na kahawa na kakao ya Beni hutoka kwa njia hiyohiyo. Uhasama ulikuwa wa serikali na makundi ya silaha, lakini madhara yake yaliangukia soko, shamba na shule.

Tarehe 27 Aprili 1998 serikali hizo mbili zilitia saini itifaki ya usalama wa mpaka. Zilikiri kwamba makundi ya waasi yanavuka, na zikakubaliana kwamba majeshi yao yatashirikiana kuyakabili. Itifaki haikuweka mkaguzi, haikusema askari wangapi wa Uganda wangekaa wapi, wala kwa muda gani. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo vita vilizuka, na jeshi la Uganda likashika Beni na Butembo. Uganda ilidai kwamba ilikuwa na ruhusa. Kinshasa ilisema ruhusa imekwisha. Ruhusa isiyo na kikomo kilichoandikwa iligeuka chanzo cha kesi.

Vita hivyo vilionyesha pia kwamba urafiki usio na kanuni haudumu. Uganda na Rwanda ziliingia Kongo zikiwa washirika. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi yao yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya Kisangani, mji wa nchi nyingine, na mamia ya raia wakafa. Miezi 11 kabla ya hapo, mwezi Julai 1999, nchi zilizohusika na vita zilikuwa zimetia saini Lusaka makubaliano ya kusimamisha mapigano, pamoja na tume ya kijeshi ya pamoja. Tume hiyo ilikuwapo, lakini makamanda walioko Kisangani hawakuwa wamejifunza kuitii.

Makubaliano yaliyofuata yalikuwa na masharti yanayopimika. Tarehe 6 Septemba 2002, huko Luanda, marais Joseph Kabila na Yoweri Museveni walikubaliana majeshi ya Uganda yaondoke kwa ratiba. Ilikubaliwa pia kwamba baadhi yao wabaki kwa muda katika miteremko ya Ruwenzori, kwa sababu Uganda ilihofia waasi wa ADF waliojificha huko. Hofu ya jirani haikupuuzwa. Ilipewa eneo na mpaka wake. Mwezi Juni 2003 askari wa Uganda walikuwa wameondoka. Mwaka 2007 mvutano ulirudi katika ziwa Albert, ambako mafuta yalikuwa yakitafutwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliuawa mwezi Agosti. Mwezi uliofuata marais haohao walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakakubaliana kuhakiki mpaka, kushirikiana katika mafuta na kurudisha uhusiano wa kibalozi. Mgogoro uliokuwa na kila dalili ya vita ulizimwa kwa karatasi na ramani.

Deni la vita lilipelekwa mahakamani. Kongo ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini Hague mwezi Juni 1999. Hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 iliikuta Uganda na hatia ya kuvunja kanuni ya kutotumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, na ya kukiuka haki za binadamu. Hukumu hiyohiyo iliikuta Kongo na kosa kwa yaliyofanyiwa ubalozi wa Uganda na wanadiplomasia wake Kinshasa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamua Uganda ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili ulioporwa. Malipo yalipangwa kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka, na awamu ya kwanza ilitolewa mwaka huohuo wa 2022. Kiasi hicho ni kidogo mbele ya mateso yaliyotokea. Hata hivyo taifa lililoshindwa kesi lilianza kulipa bila kuitana vitani, na hilo ni jiwe la msingi ambalo majirani wengi wenye silaha kubwa bado hawajaliweka.

Wakati kesi ikiendelea, ushirikiano mpya ulianza. Tarehe 16 Juni 2021, marais Félix Tshisekedi na Museveni walizindua mpakani Kasindi mradi wa barabara wa kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, kipande cha kuelekea Butembo kilomita 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru kilomita 89. Tarehe 30 Novemba mwaka huo, baada ya mabomu kulipuka Kampala, majeshi mawili yalianzisha operesheni ya pamoja, Shujaa, dhidi ya ADF, kundi ambalo tangu mwezi Oktoba 2014 limechinja raia wa Beni kwa maelfu. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majeshi yaliyopigana mwaka 1998 sasa yanashirikiana katika misitu ileile.

Mafanikio hayo yana mipaka ambayo ni lazima isemwe wazi. Wauaji hawakwisha: kanisa la Kasindi lilishambuliwa kwa bomu mwezi Januari 2023, wanafunzi wa Mpondwe waliuawa mwezi Juni mwaka huo, na mashambulizi yakasogea magharibi hadi Lubero na Mambasa. Makubaliano ya operesheni hayakuchapishwa kwa umma, na wananchi walioikumbuka miaka ya 1998 hadi 2003 walikuwa na haki ya kuuliza jeshi hilo litaondoka lini. Mwaka 2024 ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliituhumu Uganda kuwasaidia waasi wa M23, nayo Uganda ikakanusha. Jibu la mashaka kama hayo ni ukaguzi, na bila ukaguzi kila upande hubaki na imani yake ya mwanzo.

Kuna fundisho jingine ambalo wapatanishi husahau mara nyingi: majirani wawili wanaposogeleana, wa tatu anaweza kuogopa. M23 lilirudi vitani katika mwezi uleule wa Novemba 2021 ambamo Shujaa ilianza, na wachambuzi wengi wameeleza kwamba Rwanda, ambayo imekuwa ikituhumiwa kuliunga mkono kundi hilo, iliona barabara na majeshi ya Uganda katika Kivu kuwa tishio kwa maslahi yake. Hesabu ya aina hiyo ipo pia kusini mwa Asia: India hujipima na China, na Pakistan hujipima na India, hivyo kila hatua ya kujilinda dhidi ya mmoja humtisha mwingine. Makubaliano ya wawili yanahitaji maelezo ya wazi kwa wa tatu.

Kati ya Kongo na Rwanda vyombo vya ukaguzi havikukosekana. Mkataba wa Nairobi wa Desemba 2006 uliziunganisha nchi za Maziwa Makuu katika ahadi ya kutosaidia waasi wa jirani. Mwezi Septemba 2012 mfumo wa pamoja wa kuhakiki mipaka ulizinduliwa Goma, ukiwa na maofisa wa nchi mbalimbali za ukanda. Mwezi Februari 2013 nchi 11 zilitia saini mpango wa amani Addis Ababa. Lakini ripoti za wakaguzi ziliishia mikononi mwa serikali zilezile zilizotuhumiwa, na hazikufuatwa na hatua. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 yaliunda tena chombo cha pamoja cha kuratibu usalama, na kuunganisha mambo mawili yanayohofiwa: kundi lenye silaha la FDLR, linalohofiwa na Rwanda, na askari wa Rwanda walioko Kongo, wanaohofiwa na Kinshasa. Muundo huo ni sahihi, kwa sababu unazitaja hofu za pande zote mbili. Thamani yake itapimwa na ukaguzi wa mahali penyewe.

Kivu pia imeona kwamba wapinzani wa nyuklia wanaweza kufanya kazi moja. Kwa miaka mingi vikosi vya India vilikuwa Kivu Kaskazini na vya Pakistan Kivu Kusini, vyote chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, vikitii amri za kamanda mmoja. Kazi hiyo haikuwa bila lawama wala hasara. Tarehe 26 Julai 2022, wakati wa maandamano ya hasira dhidi ya ujumbe huo wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, polisi wawili kutoka India na askari mmoja wa Morocco waliuawa Butembo, na raia pia walipoteza maisha. Hasira ya Butembo ilitokana na miaka ya ahadi za ulinzi ambazo hazikuonekana katika vijiji vya Beni. Chombo cha amani kisichowaeleza raia kinafanya nini hupoteza imani kwa njia ileile ambayo serikali mbili hupotezeana.

Katika mifano yote hiyo, hatua zilizodumu zina sifa zinazofanana. Zilianza na jambo dogo linaloweza kutimizwa na kuonekana. Ziliandika idadi, mahali na tarehe. Zilitambua hofu ya kila upande, hata pale upande huo ulipokuwa na makosa. Zilitoa nafasi ya kukaguana, na zilimpa mlalamikaji mahali pa kwenda kabla ya kushika silaha. Zilizovunjika, nazo, zilikosa moja au zaidi ya sifa hizo: itifaki ya 1998 ilikosa kikomo, tume ya Lusaka ilikosa utii, na mfumo wa Goma ulikosa matokeo baada ya ripoti.

Wananchi wa mpakani wana nafasi yao katika kazi hii. Mashirika ya kiraia ya Beni na Butembo, makanisa, misikiti, vyama vya wafanyabiashara na redio za mahali ndivyo vinavyojua kwanza ahadi ipi imetimizwa na ipi imebaki karatasini. Vina haki ya kudai kwamba makubaliano ya majeshi yachapishwe, kwamba ripoti za wakaguzi zisomwe hadharani, na kwamba fidia ya Hague iwafikie walioumia. Vina haki pia ya kuuliza juu ya Shinkolobwe na juu ya mafuta ya vinu vya Kinshasa, kwa kuwa usalama wa vitu hivyo ni sehemu ya jina la Kongo mbele ya majirani zake. Serikali zinazozoea kuwajibu raia wake kuhusu barabara, askari na fidia hujenga mazoea ya kutimiza neno, na mazoea hayohayo ndiyo jirani huyapima anapoamua kama aweke silaha chini.